Mukaba juu ya mukaba: historia ya kiuno katika Maniema

Kitu kile ambacho watu wa Zanzibar wanakiita mkanda au mshipi, sisi wa Maniema tunakiita mukaba. Neno hilo ni ndugu wa mokaba ya Kilingala. Ukimwambia mtu wa huku kwamba umepokea mukanda kutoka Lubumbashi, atafikiri umepata barua, wala hataangalia kiuno chako. Basi katika kurasa hizi nitasema mukaba, na msomaji wa pwani atanisamehe.

Mukaba unasemwa sana siku hizi. Vijana wetu, hapa Kibombo na zaidi kule Kindu, wanavaa mikaba miwili, mara mitatu, mmoja juu ya mwingine. Chini unakaa mpana wa kitambaa, juu yake mwembamba wa ngozi, na pengine mnyororo unaoning'inia pembeni. Wasichana wanafunga mukaba juu ya kikwembe, na juu ya mukaba wanazungusha kamba ya shanga. Wazee wakiona hivyo wanaguna. Wanasema hayo ni mambo ya televisheni, mambo ya Kinshasa na Ulaya, eti suruali moja ina haja ya mukaba mmoja tu, na anayevaa miwili hana kazi ya kufanya.

Mimi sikubaliani na guno hilo, kwa sababu halina mizizi katika historia. Katika nchi hii ya mto Lualaba, kufunga vitu viwili vitatu kiunoni ni desturi ya zamani kuliko suruali yenyewe. Tofauti ni hii: zamani kila kimoja kilikuwa na kazi yake na mahali pake, na mtu aliyekuangalia alisoma kiuno chako kama vile leo tunavyosoma kadi ya kura. Hasara yetu ni kwamba tumesahau kusoma, na katika kusahau huko tumewaachia wengine mali yetu.

Tuanze na mtu ambaye kila mmoja wetu anamjua: mpanda ngazi. Anapokwenda kwenye mchikichi kukata kichala cha ngazi, anakuwa na duara ya kamba ngumu inayozunguka mgongo wake na shina la mti pamoja. Akilala nyuma kidogo, kamba inakaza. Akiegemea mbele, inalegea, naye anaisukuma juu na kupanda hatua nyingine. Hiyo ndiyo inayobeba uzito wake wote. Lakini ndani ya duara hiyo ana mukaba mwingine, wa kwake mwenyewe, na nyuma kiunoni amechomeka panga. Ile ya nje ni ya mti, hii ya ndani ni ya mtu. Ukimwambia avue mmoja kwa sababu miwili ni maringo, atakucheka, na ana haki ya kukucheka. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mpanda ngazi mtu wa kuiga Ulaya.

Sasa turudi nyuma kwa wakati ambapo nguo ya dukani ilikuwa haijajaa huku. Kamba ya kiuno ndiyo ilikuwa mwanzo wa vazi. Siku hizi tunafikiri nguo inakuja kwanza na mukaba unakuja kuishika. Kwa mababu ilikuwa kinyume: kamba ilikuwapo daima, na nguo ilitundikwa juu yake pale ilipohitajika. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Waingereza aliyefika Nyangwe mwaka 1874, aliandika juu ya wanawake wa Manyema waliokuwa na kamba kiunoni, na juu yake walining'iniza vipande viwili vidogo vya nguo ya nyuzi, kimoja mbele na kimoja nyuma, vikiwa vimepambwa kwa shanga na simbi. Wasomaji wake wa London bila shaka waliona uchi katika maneno hayo. Mimi naona kitu kingine. Naona mavazi ya ngazi mbili, kamba kwanza na nguo juu yake, na kamba ndiyo inayoshika yote. Soko la Nyangwe lilikuwa la wanawake zaidi, kama Livingstone alivyoshuhudia mwaka 1871, kabla ya siku ile mbaya ya tarehe 15 Julai ambapo watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi wauzaji na wengi wakafa maji.

Nguo hiyo ya nyuzi ilitoka kwenye mti wa rafia. Wanaume walifuma vipande vidogo vya mraba, na vipande hivyo vilikuwa pia pesa: vililipa mahari, vililipa faini, vilinunua mbuzi. Katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 utavikuta kwa jina la lamba au viramba. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kama kitambaa ni pesa, basi mtu anayejifunga vitambaa vitatu kiunoni hajajipamba tu, amebeba akiba yake. Simbi nazo zilikuwa pesa katika soko la Nyangwe. Mukaba ulioshonewa simbi ulikuwa mfuko wa pesa unaoonekana, na mtu aliweza kukata simbi kadhaa siku ya shida. Mama anayefunga noti kwenye ncha ya kikwembe chake leo anafanya jambo lile lile kwa njia yake.

Majirani zetu walikwenda mbali zaidi. Upande wa magharibi, ukivuka Sankuru na kuingia Kasai, Wakuba wamejulikana dunia nzima kwa rafia yao. Sketi zao za sherehe zina urefu wa mita kadhaa. Zinazungushwa mwilini mara nyingi na kushikwa kwa mikaba, tena mikaba yenyewe imeshonewa simbi na shanga. Sanamu za wafalme wao, zile ndop zilizo katika makumbusho ya Ulaya, zinamwonyesha mfalme ameketi na miguu imekunjwa, na simbi zimezunguka kiuno chake. Mchongaji aliyekuwa na nafasi ndogo ya mti alionelea kwamba kiuno hakiwezi kuachwa bila alama. Upande wa mashariki, Warega wana chama chao cha Bwami, ambacho Daniel Biebuyck alikiandikia kitabu kikubwa mwaka 1973. Ndani ya Bwami mtu anapanda daraja kwa daraja, na daraja linajulikana kwa kofia, mikufu na mikaba anayoruhusiwa kuvaa. Neno la kushika hapo ni kuruhusiwa. Tajiri ambaye hajapanda daraja hawezi kununua mukaba wa daraja hilo na kujifunga tu. Bakusu wa hapa Kibombo tuko katikati ya majirani hao wawili, na tumechukua kwa wote.

Halafu wakaja watu wa pwani.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, alijenga nguvu zake Kasongo katika miaka ya 1870, na kabla ya hapo alikuwa ameingia Utetera, magharibi yetu, ambako kwa masimulizi yake mwenyewe alipokewa kama mjukuu wa ukoo wa kichifu. Stanley alipokutana naye Oktoba 1876, hakuacha kuangalia mavazi yake. Aliandika kwamba alivaa nguo nyeupe safi kabisa, kofia mpya, kiunoni amezungushiwa kitambaa cha thamani, na jambia lake limepambwa kwa nyuzi za fedha. Angalia mpangilio: kanzu kwanza, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa jambia na mukaba wake. Kwa Kiswahili cha pwani kitambaa hicho kinaitwa mahazamu. Kilikuwa na kazi mbili. Kilizuia ala ya jambia isichubue kanzu na isiteleze, na kilionyesha kwamba mwenye nacho hafanyi kazi ya jembe, maana huwezi kulima ukiwa na mita tatu za hariri tumboni.

Watu wetu walioishi na hao wafanyabiashara, wakawa wafuasi wao, wakaitwa Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana, ambayo ndiyo baba wa Kiswahili tunachosema. Walichukua lugha, wengi walichukua dini, na walichukua pia namna ya kujifunga. Lakini hawakuacha ya zamani. Waliweka mpya juu ya ya kale. Ndiyo maana nasema historia ya Maniema inaonekana vizuri kiunoni kuliko kichwani. Kofia inabadilishwa: ukivaa mpya, ya zamani unaivua. Mukaba unaongezwa.

Pwani yenyewe ina maneno mengi ya jambo hili, na yanafaa kukumbukwa kwa sababu mengine yalisafiri na misafara na mengine yalibaki huko. Utunda ni kamba ya shanga ambayo mwanamke anavaa kiunoni ndani ya nguo, isiyoonekana na mtu isipokuwa mumewe. Kibwebwe ni kitambaa anachojifunga kwa nguvu juu ya nguo anapokwenda kwenye kazi nzito au ngoma, na hadi leo mtu aliyeamua kufanya kazi kwa bidii anasemwa kwamba amejifunga kibwebwe. Mkaja ni kitambaa cha kukaza tumbo la mama baada ya kujifungua. Na katika ndoa, mkaja ni pia zawadi anayopewa mama wa bibi arusi, kama kulipa kile kitambaa kilichomfunga siku alipomzaa huyo binti. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuweka uchungu wa kuzaa na hesabu ya mahari katika kipande kimoja cha nguo. Mwanamke mmoja angeweza kuwa na utunda ndani na kibwebwe nje, siku moja, mwili mmoja. Wa ndani ulikuwa siri, wa nje ulikuwa tangazo.

Shanga zenyewe zilitoka mbali. Nyingi zilitengenezwa Venice, zikapita Zanzibar, zikabebwa vichwani hadi Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika. Kila nchi ilikuwa na rangi inayopendwa, na mfanyabiashara aliyeleta rangi isiyotakiwa alirudi nazo au alikula hasara. Shanga nyekundu ndogo walizoziita samisami zilikuwa za bei. Kwa hiyo wale Wazungu wanaofikiri kwamba Mwafrika alipokea kila kitu cha kung'aa wanajidanganya: viwanda vya Venice vililazimika kufuata macho ya wanawake wa bara.

Vita vya Wabelgiji na watu wa pwani, kuanzia 1892 hadi 1894, vilipita juu yetu. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka huo huo, na jeshi la Dhanis. Katika ushindi huo alikuwamo Ngongo Lutete, ambaye alikuwa mtu wa Tippu Tip na baadaye akageuka upande wa Dola Huru ya Kongo. Hao hao aliowasaidia walimuua kwa risasi kule Ngandu, Septemba 1893. Wapiganaji wake wengi, Watetela na Bakusu, waliingizwa katika Force Publique. Na hapa mukaba unaingia tena.

Askari wa Force Publique wa miaka ile alivaa nguo ya bluu, suruali fupi pana, tarbushi nyekundu, na kiunoni alizungushiwa kitambaa chekundu kirefu. Juu ya kitambaa hicho ukaja mukaba wa ngozi wenye vifuko vya risasi. Kitambaa chini, ngozi juu. Ni mpangilio ule ule wa Tippu Tip, ila fedha imetoka na risasi zimeingia. Wabelgiji hawakumwiga Tippu Tip; waliiga majeshi ya Wafaransa wa Afrika Kaskazini, ambayo nayo yalikuwa yamechukua mavazi ya Waarabu na Waturuki. Basi mtindo mmoja ulitoka sehemu moja ya dunia, ukafika Maniema kwa njia mbili zilizokuwa zinapigana vita. Kijana wa Kibombo aliyevaa mahazamu chini ya bwana wa pwani mwaka 1890 angeweza kujikuta na kitambaa chekundu cha Dola mwaka 1894, bila mkono wake kujifunza fundo jipya. Kuvaa nguo zao hakukuwafanya wawe watu wao: Julai 1895, askari wa Luluabourg, wengi wao wakiwa waliokuwa wafuasi wa Ngongo, waliasi na kumuua mkuu wa kambi. Maasi yaliyofuata yaliendelea kwa miaka kadhaa.

Kuhusu kile kitambaa cha tumboni kuna jambo la kuchekesha. Wazungu wenyewe wa wakati ule walivaa mukaba wa flaneli chini ya shati, moja kwa moja juu ya ngozi, katika joto la ikweta. Waliamini kwamba baridi ya tumbo ndiyo inayoleta kipindupindu na kuhara. Jeshi la Uingereza liliwapa askari wake mikaba hiyo, na ikaitwa hasa mikaba ya kipindupindu. Robert Koch alikuwa ameonyesha kijidudu cha ugonjwa huo mwaka 1884, lakini watu waliendelea kufunga flaneli kwa miaka mingi baadaye. Nasema hivi kwa sababu bado kuna wasomi wetu wanaodharau kamba ya dawa ambayo bibi anamfunga mtoto kiunoni. Wasiiamini, ni sawa, lakini wajue kwamba walimu wa walimu wao nao walifungwa.

Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipomalizika, mwanzoni mwa miaka ya 1910, Kibombo ikawa kituo. Gari la moshi lilileta vitu viwili vya historia yetu: nguo nyingi za kiwanda, na mukaba wa ngozi wenye bizimu ya chuma, ile ya kufungia mbele. Karani, kapita, fundi wa reli, polisi, mwalimu, kila mmoja alijulikana kwa huo. Mukaba wa ngozi ukawa alama ya mtu mwenye mshahara. Nguo ya kamba na rafia ikaanza kuwa ya kijijini, ya ngoma, ya mazishi ya wakubwa. Katika shule, watoto walifundishwa kwamba nguo nadhifu ni shati, kaptula na mukaba mmoja. Shanga za kiuno za wasichana zilionekana kuwa mambo ya kishenzi. Nadhani hapo ndipo guno la wazee wetu wa leo lilipozaliwa. Wanafikiri wanatetea desturi ya mababu, kumbe wanatetea sheria ya usafi ya shule ya mkoloni.

Wamama hawakusikiliza sana. Walipokea kitambaa cha kiwanda na kukirudisha kwenye kanuni ya zamani. Mavazi ya mama mtu mzima katika nchi yetu ni vikwembe viwili pamoja na blauzi: cha kwanza kinafungwa kama sketi, cha pili kinakunjwa na kuzungushwa juu yake kiunoni. Msichana anaweza kwenda na kimoja. Mama wa nyumba anakuwa na cha pili. Na hicho cha pili ni mukaba kamili: kinakaza kiuno, kinashika cha chini, kinabeba mtoto mgongoni kikifunguliwa, kinafunika kichwa mvua ikinyesha, kinalaliwa njiani, na katika ncha yake kuna pesa. Ukiwa kwenye matanga, angalia jinsi wamama wanavyokifungua na kukikaza upya kabla ya kuanza kulia au kupika. Ni kibwebwe cha pwani, ni kamba ya Nyangwe, kimebadilika kitambaa tu.

Wakati wa siasa ya kurudia asili, kuanzia 1971, Mobutu aliwakataza wanaume suti na tai, na wanawake suruali na mawigi. Mwanamke akarudishwa rasmi kwenye kikwembe. Mwanaume akapewa abakosti, koti linaloshuka hadi chini ya kiuno, likifungwa vifungo vyote. Matokeo ambayo watu hawayasemi ni kwamba kwa karibu miaka 20, hadi Aprili 1990, mukaba wa mwanaume mkubwa uliingia gizani. Ulikuwapo lakini haukuonekana. Siasa iliyojiita ya asili ilifunika mahali pale ambapo mababu walionyeshea heshima yao.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Kuna sababu nyingine ya guno, na hiyo ninaiheshimu.

Mwaka 1964 Simba waliingia Kindu, mwezi wa Julai. Walivaa ngozi za wanyama kichwani, shingoni na viunoni, pamoja na dawa ambazo waliambiwa zitageuza risasi kuwa maji. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, kikosi cha serikali na mamluki kilichotoka Kongolo kilipita hapa Kibombo kuelekea Kindu. Damu ilimwagika wakati wa kuingia kwao na wakati wa kuingia kwa hawa. Kisha, baada ya 1998, wakati RCD imeshika Kindu na Mai-Mai wameshika misitu na njia nyingi za nchi yetu, kiuno kilikuwa tena kitu cha kuogopwa. Mpiganaji alikuwa na mukaba wa suruali, juu yake kamba ya dawa, na juu yake mukaba wa risasi. Ngazi tatu. Mama aliyekuwa anatoka shambani akiona mtu wa namna hiyo njiani hakuwa na haja ya kuuliza jina. Kwa mtu aliyekuwa na miaka 10 wakati ule na leo ni mzazi, kijana anayekuja usiku na mikaba miwili na mnyororo si mtu wa mitindo. Mwili unakumbuka kabla ya akili. Hilo vijana wanapaswa kulijua wanapolalamika kwamba wazee wanawaonea.

Hata hivyo, kama tutaacha kila kitu ambacho vita viligusa, hatutabaki na kitu. Vita viligusa panga, na bado tunalima. Viligusa ngoma.

Wengine wanasema mtindo wa sasa umetoka kwa wasape wa Kinshasa na Paris. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mtu aliyeufanya usape ujulikane zaidi kuliko wote, Papa Wemba, alizaliwa mwaka 1949 Lubefu, katika Sankuru, kwa Watetela, ambao sisi Bakusu tunaitana nao ndugu. Alianzisha Viva la Musica mwaka 1977, wakati ule ule ambapo abakosti ilikuwa sheria, na vijana waliomfuata walivaa kile kilichokatazwa: suti, tai, viatu vya bei, na mukaba uonekane. Alifariki Aprili 2016 Abidjan, akiwa jukwaani. Basi hata tukikubali kwamba mtindo ulitoka Kinshasa, ni mtu wa upande wetu aliyeupeleka.

Ukiangalia vizuri jinsi vijana na mafundi cherehani wanavyopanga mikaba leo, utaona kwamba wanafuata kanuni za zamani bila kufundishwa. Kitu laini na kipana kinakaa chini, kigumu na chembamba juu, kama mahazamu na jambia, kama kitambaa chekundu na ngozi. Wakigeuza, ngozi chini na kitambaa juu, kitambaa kinateleza na kukunjamana baada ya saa moja. Mafundo na bizimu haviwekwi mahali pamoja. Kimoja kinakaa mbele, kingine pembeni, ili tumbo lisivimbe. Rafia iliyosukwa inashika vizuri juu ya kikwembe cha pamba, lakini juu ya nguo ya nailoni haikai, inazunguka. Shanga zikiwekwa juu ya ngozi pana zinatulia. Zikiwekwa peke yake juu ya gauni zinapanda hadi mbavuni. Nimeona pia fundi anayekata mabaki ya vitenge, anayasuka matatu matatu kama nywele, na kuyashona juu ya ngozi ya mukaba wa zamani uliochakaa. Kazi hiyo ni nzuri na haina gharama kubwa, na ninaitamani zaidi kuliko ile minyororo ya bati kutoka China.

Kinachonisumbua si vijana, ni masanduku ya bibi zetu. Wanunuzi wanapita vijijini wakitafuta vitu vya zamani, na mukaba ni kitu chepesi kubeba. Sanamu mtu anajua ina thamani, atabishana bei. Mukaba wa simbi au kamba ya shanga za Venice inatolewa kwa pesa ya sabuni, kwa sababu mjukuu anafikiri ni takataka za kijijini. Na unapoondoka peke yake unaondoka bila maelezo: ulikuwa wa ndani au wa nje, wa sokoni au wa nyumbani, ulivaliwa juu ya nini. Katika makumbusho utalazwa ndani ya kioo, mmoja mmoja, umenyooshwa kama nyoka aliyekufa, na hakuna atakayejua kwamba haukuwahi kuvaliwa peke yake.

Wamama wazee waliobaki hapa Kibombo wanajua mpangilio. Wanajua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na kwa nini shanga za ndani hazitakiwi kutoka nje. Juu ya hili la mwisho wanabishana kwa nguvu na wajukuu wao, ambao siku za arusi wanazivaa juu ya gauni, mbele ya watu wote. Bibi anasema hiyo ni kama kufungua mlango wa chumba cha kulala mgeni akiwa sebuleni. Mjukuu anajibu kwamba bibi, zikibaki ndani hakuna atakayejua kwamba tulikuwa nazo. Ubishi huo bado unaendelea, na wote wawili wanapokuja kwenye arusi bado wamejifunga zaidi ya mukaba mmoja.